Kulipwa Bila Kumfukuza Mgonjwa: Mwongozo kwa Kliniki za Meno za Eastlands

Kliniki ya meno iliyo juu ya duka la dawa kule Umoja au Kayole, Nairobi, inaweza kuwa na foleni hadi ngazini na bado ikahangaika kodi ya nyumba ikifika. Pesa zipo, ila zimo midomoni mwa watu: kofia za meno zinazotafuna nyama choma huku bili yake haijalipwa. Kazi kubwa ya kukusanya pesa hufanyika kabla mgonjwa hajaketi kwenye kiti.

Hatua ya 1: Taja bei mapema, kwa maandishi

Daktari akishatazama, mapokezi waandike makadirio: jino gani, kazi gani, bei gani, na kitu gani kinaweza kuongeza bili, kama vile eksirei au jino linalogoma kung'oka. Mgonjwa atie sahihi na aondoke na nakala. Daktari asitaje bei akiwa ameshika sindano. Mtu aliyepanua mdomo hukubali chochote, kisha kesho anasema hakuambiwa.

Dharura ni jambo jingine. Katiba ya Kenya, ibara ya 43, inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Aliyevimba shavu hadi hawezi kumeza, au anayetokwa na damu isiyokatika, mhudumie kwanza.

Hatua ya 2: Gawa bili kufuata kazi yenyewe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Matibabu ya mzizi wa jino mara nyingi huchukua ziara mbili au tatu, na maumivu hupungua baada ya ya kwanza. Usingizi ukirudi, mgonjwa naye haonekani tena. Tuseme bei yako ni shilingi 12,000. Ukiigawa mara tatu sawasawa, umefanya kazi ngumu kwa 4,000. Omba 6,000 ziara ya kwanza, 4,000 ya pili, 2,000 ya mwisho. Usimfiche sababu, mwambie pia kwamba jino lililoachwa katikati litamrudisha na uvimbe.

Kofia na meno ya bandia yana sheria kali zaidi. Fundi wa maabara anataka pesa yake, na kofia iliyochongwa kwa jino la mtu mmoja haiuziki kwa mwingine. Gharama ya maabara ilipwe kabla vipimo havijatoka kwako, na salio limalizwe siku ya kuvalishwa, kabla ya gundi.

Hatua ya 3: Lipa pole pole ifuate mfuko wa mtu

Usimpangie kila mtu tarehe 30. Mwajiriwa hupata mshahara mwisho wa mwezi. Kibarua wa Industrial Area anaweza kuwa analipwa kila Jumamosi, na mwenye bodaboda hushika pesa kila jioni. Huyo wa boda mwombe 300 kila siku mbili. 5,000 za mkupuo hutaziona. Muulize tu: "Pesa yako huingia lini?" Kisha andika tarehe na kiasi, asaini. Januari punguza matumaini, karo za shule zinakula kwanza.

Hatua ya 4: Pesa iwe na mlango mmoja

Malipo yote yapite kwenye tili ya kliniki. Yasiende kwa simu ya daktari wala ya dada wa mapokezi. Weka nambari ukutani kwa herufi kubwa pamoja na jina la kliniki, ili mgonjwa alithibitishe kabla ya kubonyeza PIN. Usikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mgonjwa. Ujumbe wa kughushi ni mwingi. Ngoja uthibitisho uingie kwenye simu ya kliniki.

Jioni, kabla taa hazijazimwa, linganisha vitu vitatu: daftari la wagonjwa, taarifa ya tili na risiti za eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA. Visipolingana, ulizaneni siku hiyo hiyo. Wiki ikipita hakuna anayekumbuka.

Hatua ya 5: Bima ihakikiwe asubuhi

Kadi mkononi haimaanishi meno yamo. Tangu Oktoba 2024, bima ya serikali ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, wagonjwa wengi huja wakidhani kila kitu kinalipwa. Kwa bima za kampuni, meno mara nyingi huwa na kikomo chake, na kazi kubwa huhitaji kibali kabla ya kuanza. Mgonjwa akubali kwa sahihi kulipa kitakachokataliwa. Peleka madai kila wiki. Dai lisilo na nambari ya jino, sahihi au kibali hurudi, na likirudi umeanza kusubiri upya.

Hatua ya 6: Dai kwa adabu

Siku tatu baada ya tarehe kupita, tuma ujumbe: "Habari ya asubuhi mama. Tunakukumbusha salio la shilingi 2,000 ulilopanga kulipa Ijumaa. Kama kuna shida, tupigie tupange upya." Usitaje ugonjwa, simu nyingine hushikwa na nyumba nzima. Wiki mbili baadaye piga simu. Kumwanika mtu kwenye kundi la WhatsApp la ploti, au kumpigia mwajiri wake, kunaweza kukuingiza matatani chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Usimzuie mtu, usishike kitambulisho chake. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba hospitali ya uzazi ya Pumwani, papa hapa Eastlands, ilivunja haki za kina mama wawili iliowazuia kwa sababu ya bili.

Hatua ya 7: Jua pa kuishia

Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Unaweza kwenda bila wakili. Makadirio yenye sahihi na mpango wa malipo ndio ushahidi wako. Ila deni la 2,000 usilipeleke huko. Lifute kwenye vitabu, na mwenyewe akirudi na jino jingine, alipe kwanza.