Timu Changa Inapopigwa Kila Jumamosi



Mwezi uliopita nilialikwa kwenye mkutano wa kikundi kimoja hapa Kabiria. Ajenda ilikuwa moja tu, nayo ni vijana wa mpira wa kikapu. Kikundi kiliwanunulia mipira miwili na jezi, na kila mwezi kinawatolea nauli ya kwenda mechi. Vijana walikuwa wamecheza mara saba na kushindwa mara saba. Mama mmoja akasimama akauliza, "Kwani sisi tunachanga pesa ya kupigwa?" Watu wakacheka. Lakini swali lenyewe halikuwa la kucheka, maana pesa ya kikundi hutoka kwenye mboga, kwenye mitumba, na kwa akina mama wanaofulia watu nguo.

Basi somo letu la mwezi huu ni hilo. Timu changa ikijengwa, shabiki avumilie mpaka lini? Tena avumilie nini?

Wengi wetu tunaifahamu Gor Mahia. Mwaka wa 1987 ilichukua Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunisia. Walitoka sare ya 2-2 kule Tunis, wakatoka tena 1-1 Kasarani, wakashinda kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya soka ya Kenya iliyowahi kuleta nyumbani kombe la bara. Mwaka wa 1995 wakachukua ligi ya nchi, halafu wakalala. Walilala miaka 18! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amefikia umri wa kuchukua kitambulisho timu ya baba yake iliporudi kileleni, mwaka wa 2013.

Katika miaka hiyo yote watu waliendelea kulipa kiingilio. Mwaka wa 2012 nusura wafike. Siku ya mwisho ya ligi walihitaji ushindi, wakatoka sare, na Tusker ikajichukulia kombe. Mimi niliona wanaume wazima wakilia ndani ya matatu. Mwaka uliofuata wakashinda, wakashinda tena 2014, na 2015 wakamaliza msimu mzima bila kufungwa mechi hata moja ya ligi.

Lakini tusiwasifu mashabiki hao kupita kiasi. Machi 2012, katika mechi na AFC Leopards pale Nyayo, mchezaji wa Gor alipewa kadi nyekundu na fujo ikazuka, viti vikang'olewa. Klabu ikazuiwa kutumia viwanja vya serikali kwa muda. Hiyo nayo ni hasara iliyoletwa na watu walewale wanaosema wanaipenda timu. Na hao watani wao, Leopards, wenzetu wanaendelea kungoja. Ligi waliichukua mara ya mwisho mwaka wa 1998.

Turudi kwenye kikapu. Mwaka wa 1993 mashindano ya mataifa ya Afrika yalifanyika hapahapa Nairobi, na Kenya ikamaliza ya nne. Baada ya hapo timu ya taifa ya wanaume haikuonekana tena huko kwa miaka 28. Februari 2021, kule Yaoundé, ikaifunga Angola pointi 74 kwa 73, kwa mpira alioutupa Tylor Ongwae wakati saa inakwisha. Angola ilikuwa imechukua kombe hilo mara 11! Watu wengi walisema ni bahati. Mimi nasema waliosema hivyo hawakuwa wakiangalia. Mwaka wa 2019 timu hiyo, ikiwa na wachezaji wa klabu za huku huku Afrika, ilifika fainali ya AfroCan kule Bamako na kuchukua nafasi ya pili. Dalili ilikuwako miaka miwili mapema. Kule Kigali baadaye, 2021, waliishinda Mali na wakatolewa na Sudan Kusini kwa pointi 2 tu.

Na njia haikunyooka hata baada ya hapo. Mashindano ya 2025 yalipofanyika Angola, Kenya haikuwapo. Mwaka uohuo lakini, klabu ya Nairobi City Thunder ikawa ya kwanza kutoka Kenya kuingia Ligi ya Kikapu ya Afrika. Haikuvuka kundi lake. Ukihesabu hivyo tu utasema wameshindwa. Ukikumbuka kwamba ligi hiyo ilianza 2021 na hatukuwa na hata mmoja ndani yake, utasema jambo lingine.

Kuna mfano mmoja wa mbali ambao vijana waliniletea wenyewe. Huko Marekani, timu ya Philadelphia iliamua kujijenga kwa kukubali kushindwa. Kule timu iliyo chini hupata nafasi nzuri ya kuchagua vijana wapya. Msimu wa 2015/16 ilishinda mechi 10 na kushindwa 72. Mmoja wa vijana waliochaguliwa, mwaka wa 2014, ni Joel Embiid wa Cameroon, naye alikaa misimu miwili mizima bila kucheza kwa sababu ya kuumia mguu. Mashabiki walilipa tiketi kumtazama mtu aliyekaa kwenye benchi! Msimu wa 2017/18 timu ilishinda mechi 52, na mwaka wa 2023 Embiid akatajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Ubingwa wenyewe bado hawajauona tangu 1983. Mimi sipendi njia hiyo. Kijana anayezoezwa kushindwa kwa makusudi atajifunza mengine pamoja na hilo. Lakini angalau mashabiki waliambiwa mpango ni upi.

Hapo ndipo niliwaomba wanakikundi wa Kabiria waache kuhesabu kushindwa, waangalie kitabu cha matokeo. Mechi ya kwanza vijana walipigwa kwa pointi 41. Ya nne, 23. Ya saba, 9. Wanne kati ya watano wanaoanza bado wako shule ya upili. Hiyo ni timu inayokua, hata kama jedwali linawaonyesha chini kabisa.

Kisha nikaomba daftari ya nauli. Haikuwapo. Kijana aliyekuwa akishika pesa alisema anakumbuka kwa kichwa. Sasa hapo nilikubaliana na yule mama moja kwa moja. Kushindwa uwanjani tunaweza kuvumilia mwaka, hata miwili. Pesa isiyoandikwa hatuvumilii hata wiki moja, kwa maana mchezaji huchelewa kuiva, lakini kuandika shilingi hamsini hakuhitaji kuiva.

Walipiga kura. Nauli itaendelea mpaka Desemba, daftari isomwe kila mkutano, na wanakikundi wawili waende mechi kwa zamu. Yule mama hakuridhika. Alisema atachanga, lakini zamu ya kwanza ni yake, aende akajionee kwa macho yake. Jumamosi hiyo vijana walishindwa tena, kwa pointi 6. Nimeambiwa alimfokea refa mpaka akaombwa akae chini.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

Je, kuna mradi wenu mnaotaka kuuacha kwa sababu haujaleta faida? Ulianza lini, na mnapima kukua kwake kwa kitu gani?

Ni dalili gani ndogo mliyoiona katika mradi huo tangu mwaka jana, nzuri au mbaya?

Daftari yenu ya pesa ilisomwa mbele ya wote mara ya mwisho lini? Nani aliisoma?

Katika kikundi chenu, anayeuliza maswali magumu huitwaje?