Saa ya Dawa kwa Mgonjwa wa Kutetemeka

Mzee wa namna hii mnamfahamu. Mkono unatetemeka hata akiwa ametulia. Anakwenda hatua fupi fupi, sauti imefifia. Majirani wanasema karogwa. Sio kurogwa. Ni ugonjwa wa Parkinson, wenye jina la daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Ndio uliomshika Muhammad Ali, yule bondia aliyefika Dar es Salaam mwaka 1980.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba. Matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa wengi wa wagonjwa waliowakuta walikuwa hawajapata kuambiwa na daktari wanaumwa nini.

Ubongo hutengeneza dopamini, kitu kinachouwezesha mwili kujongea vizuri. Kwa mgonjwa huyu dopamini imepungua. Dawa ya levodopa hugeuka dopamini ndani ya ubongo. Haiponyi, ila humrudishia mwendo kwa muda.

Muda huo ndio somo letu leo. Ugonjwa ukikomaa, kidonge cha asubuhi hakifiki tena mchana. Mzee aliyetembea saa tatu, saa tano kawa gogo. Msimwambie anajifanya! Dawa imekwisha mwilini.

Hapa Mikocheni watu wazima huondoka alfajiri kwenda kazini, mzee anabaki na mjukuu. Basi saa za dawa ziandikwe kwa herufi kubwa, zibandikwe ukutani. Hapo kujua kusoma kunaokoa mtu. Kuoga, kula na kwenda chooni vipangwe wakati dawa inafanya kazi. Kidonge kimezwe nusu saa kabla ya chakula, maana nyama, samaki na maharage huweza kuizuia dawa isipite vizuri. Tusimnyime vyakula hivyo. Tumwulize daktari kama vifaa zaidi jioni.

Katika kula tuwe waangalifu sana. Akae wima, kidevu kiinamie kidogo, kijiko kiwe kidogo, amalize kumeza kwanza. Usimlishe akiwa amelala. Chakula kikiingia njia ya hewa huleta ugonjwa wa mapafu, na wengi hufa kwa huo.

Akiganda mlangoni, usimvute mkono, ataanguka. Mhesabie, "Moja, mbili," au mchoree mstari wa chaki sakafuni auruke. Inashangaza, lakini mguu hunyanyuka.

Vidonge visiachwe ghafla hata siku moja kwa sababu vimekwisha. Huweza kuja homa kali, mwili ukakakamaa, mtu akafa. Tafuteni vingine vikibaki vya wiki mbili. Akilazwa kwa malaria au jambo jingine, mwambieni mganga mapema kuwa ana Parkinson, kwani metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli ya kutuliza akili humzidishia ugonjwa.

Anayemgeuza usiku naye ni mtu. Mara nyingi ni mke au binti mmoja tu. Ndugu wengine wapange zamu, naye apate angalau usiku mmoja wa kulala kila wiki.