Somo la Afya: Kibao cha Kuku na Kachumbari



Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu wanafunzi chuoni kwamba uchafu huleta maradhi. Hata hivyo, somo hili lilinifikia mwenyewe siku ya karamu ya kipaimara cha mjukuu wangu. Kesho yake watu sita waliharisha na kutapika, na mtoto wa jirani akalazwa hospitali. Wengine walisema ni kijicho, wengine wakalaumu pilau.

Nikamwuliza kila mmoja alikula nini. Waliokula pilau na kuku peke yake walikuwa wazima. Wote walioumwa walikula kachumbari. Ndipo nikakumbuka: nyanya nilizikatia juu ya kibao kile kile nilichokatia kuku mbichi, baada ya kukipangusa kwa kitambaa tu.

Kuku mbichi mara nyingi huwa na bakteria, kama vile salmonela, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Moto huviua, lakini kachumbari haipiti motoni. Penye joto, kijidudu kimoja huweza kugawanyika kuwa viwili kila dakika 20. Tufanye hesabu: baada ya saa 1 vitakuwa 8, saa 2, vitakuwa 64, saa 4, vitakuwa 4,096. Na kachumbari yetu ilikaa mezani tangu asubuhi mpaka ibada ilipokwisha.

Basi tushike haya:

1. Kata kwanza mboga za kuliwa mbichi, kisha nyama.
2. Ukiisha kushika nyama mbichi, osha mikono, kisu na kibao kwa sabuni na maji safi. Kitambaa kichafu hueneza vijidudu.
3. Unapomwosha kuku, weka mboga na vyombo mbali, kwa maana matone huruka.
4. Pika kuku mpaka pasiwe na wekundu karibu na mfupa.
5. Chakula kilichopikwa kisipoe na kukaa zaidi ya saa 2 nje ya jokofu.

Mtoto yule alipona. Nilikwenda kwa mama yake nikamweleza habari ya kibao na kumwomba radhi, ili asiendelee kumshuku jirani mwingine. Sasa nina vibao viwili. Cha nyama nimekitia alama kwa msumari wa moto.

Maswali ya nyumbani:

(a) Jikoni kwako kuna vibao vingapi?
(b) Kitambaa cha jikoni kilifuliwa lini?