Russar ya milimita 20: namna ya kuizoea na kuipigia picha

Kama umepata Russar MR-2, usikimbilie mtaani nayo. Iweke mezani kwanza uitazame vizuri. Ni lenzi fupi na nyepesi. Mbele ina kioo kidogo, nyuma ina kioo kinachochomoza na kuingia ndani kabisa ya kamera. Inaona digrii 95, kutoka kona moja ya fremu hadi kona ya mkabala. Halafu ina mambo yake matatu: haijaunganishwa na renjifainda ya kamera, yaani kifaa chake cha kupimia umbali, apacha yake imejificha ndani ya ukingo wa mbele, na uwazi wake mkubwa kabisa ni f/5.6.

Mambo hayo yatakuchosha siku ya kwanza. Vumilia. Lenzi hii inataka upange kila kitu kabla ya kuinua kamera, na ukishapanga, kazi inayobaki ni ya miguu yako.

Historia yake ni ndefu, lakini kipande kimoja kitakusaidia kazini. Aliyeibuni ni Mikhail Rusinov wa Leningrad, na herufi MR ni za jina lake. Alikuwa bingwa wa lenzi za kupigia picha za ramani kutoka kwenye ndege. Ramani haivumilii mstari uliopinda. Ndiyo maana ukuta, mlango au nguzo iliyonyooka hubaki imenyooka kwenye Russar, hata pembezoni mwa picha. Za zamani zilitengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow. Mwaka 2014 kampuni ya Lomography iliifufua kwa jina la Russar+. Yote nitakayokueleza yanafaa kwa zote mbili.

Ifunge kwa utulivu. Ni lenzi ya skrubu ya M39, kwa hiyo inaingia moja kwa moja kwenye FED, Zorki na Leica za zamani. Kwa Leica M unahitaji adapta. Ikikwama, ifungue uanze upya; usiilazimishe. Kwenye kamera zenye kijimkono cha mita ya mwanga kinachosimama mbele ya pazia la shata, kama Leica M5 na Leica CL, muone fundi kabla ya kujaribu, maana kioo cha nyuma kinaweza kugongana na kijimkono hicho. Na ukiitoa, usiisimamishe juu ya kile kioo cha nyuma. Tafuta mfuniko wa nyuma wenye kina.

Sasa fokasi, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Ukizungusha lenzi, picha mbili ndani ya renjifainda hazitakutana kwa sababu ya fokasi yako. Zisahau. Utasoma umbali kwa macho na kuuweka kwenye pete ya lenzi. Habari njema ni kwamba lenzi ya milimita 20 inasamehe sana. Weka f/8, weka umbali wa mita 1.7, na kila kitu kuanzia kama sentimita 85 hadi upeo wa macho kitakuwa kikali kiasi cha kutosha kwa picha ya kawaida. Huo ndio mpangilio wako wa kila siku. Usiuguse bila sababu.

Mita 1.7 utazijuaje? Nyoosha mikono yote miwili pembeni. Kutoka ncha ya kidole cha mkono huu hadi ncha ya ule ni pima moja, karibu mita 1.8 kwa mtu mzima. Hiyo ndiyo fokasi yako ya f/8. Huna haja ya futikamba.

Ukiwa kwenye f/8, shika kanuni moja: kama unaweza kunyoosha mkono ukakigusa, kiko karibu mno. Rudi nusu hatua.

Unataka kukaribia zaidi? Nenda f/11 na uweke umbali wa mita 1.2. Hapo ukali unaanzia kama sentimita 60, yaani pale vidole vyako vinapofika. Lenzi yenyewe inakwenda hadi nusu mita, sawa na dhiraa moja: kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ukifika huko, weka fokasi ya nusu mita kabisa, usikisie.

Kwenye f/5.6, weka mita 2.4 na utapata kuanzia mita 1.2 kwenda mbali. Hii ni ya ndani ya nyumba na jioni. Na kama unakusudia kuchapisha picha kubwa ya ukutani, funga apacha stopu moja zaidi bila kubadili umbali. Viwango nilivyokupa ni vya picha ya kawaida. Karatasi kubwa inafichua ulegevu wote.

Kuhusu apacha: pete yake iko mbele, ndani ya mahali pa filta, na haina kliki. Unaweza kuisogeza bila kujua unapopangusa kioo. Itazame kila unapotoa kamera kwenye mkoba. Ukitaka kutumia filta, weka apacha kwanza, kisha ifunge filta, kwa sababu ukishaifunga huifikii tena pete. Kwa hiyo filta ni ya siku ambayo mwanga haubadiliki. Vinginevyo iache nyumbani.

Chagua filamu kwa kufuata f/8, usifanye kinyume chake. Juani, tia filamu ya ISO 100 na uweke f/8 kwa 1/500. Kivulini palipo wazi, tia ISO 400 na uweke f/8 kwa 1/250. Ukitia ISO 400 kwenye jua la mchana, f/8 itadai 1/2000, na kamera nyingi za aina hii hazina kasi hiyo. Itakubidi uende f/16 kwa 1/500. Picha itatoka, lakini utakuwa umeubana mwanga bila faida.

Usiiamini sana mita ya ndani ya kamera. Lenzi pana hivi inakusanya anga nyingi, mita inadhani kuna mwanga mwingi kuliko uliopo, na watu wako wanatoka weusi. Elekeza kamera chini kwenye ardhi iliyo kwenye mwanga uleule, soma, panga, ndipo uinue. Kama kamera haina mita, programu ya kupima mwanga kwenye simu inatosha kabisa.

Ndani ya nyumba, usiogope kasi ndogo. Kamera ya renjifainda haina kioo kinachoruka ndani, na milimita 20 hazionyeshi mtikisiko upesi. Egemea mlango, toa pumzi, bonyeza kwa 1/30. Ukitulia vizuri hata 1/15 inawezekana.

Kama kamera yako ni Zorki-4, vuta filamu kwanza ndipo ubadilishe kasi ya shata. Ukibadilisha kabla ya kuvuta unaweza kuharibu mashine.

Kioo cha kamera cha kuchungulia hakikusaidii hapa, kwa kuwa kinaonyesha sehemu ndogo tu ya kile lenzi inachokiona. Nunua vyufainda ya nje ya milimita 20 au 21, inayokaa juu ya kamera. Ya 21 inatofautiana kidogo sana. Lakini kumbuka kwamba imekaa juu ya lenzi, kwa hiyo inaona juu kidogo kuliko filamu. Kwa mbali haidhuru. Kwa nusu mita utamkata mtu paji la uso. Dawa yake ni rahisi: panga picha, kisha inua kamera nzima wima kwa upana wa vidole vitatu, bila kuilaza, ndipo ubonyeze.

Baada ya muda hutahitaji hata hiyo vyufainda. Jizoeze hivi. Nyoosha mikono mbele yako, kisha ipanue mpaka ifanye karibu pembemraba. Kinachoingia kati ya mikono yako ndicho kitakachoingia kwenye picha ya mlalo, kwa sababu kwa upana lenzi inaona digrii 84. Ndiyo maana ukisimama kwenye kona ya chumba na kuelekeza kamera kwenye kona ya mkabala, kuta zote mbili za pembeni zinaingia karibu nzima. Kwa umbali wa mita 1, fremu yako ina upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 1.2. Shika namba hizo mbili kichwani.

Tazama vidole vyako pia. Lenzi ni fupi, na kidole cha mkono wa kushoto huingia kwenye fremu bila kuomba ruhusa. Shika kamera kwa chini, vidole vikiwa vimelala kwenye kitako chake. Mkanda wa shingoni usininginie mbele.

Sasa umefika kwenye jambo ambalo Russar inalifanya vizuri kuliko lenzi nyingi: majengo na vyumba. Mistari yake imenyooka, lakini ni kama kamera imenyooka. Ukiinua pua ya kamera hata kidogo, kuta zinaegemeana kwa juu. Ukiinamisha, zinapanuka. Kwa picha za nyumba, toa vyufainda na uweke mahali pake pimamaji ndogo, ile inayotengenezwa kwa ajili ya kukaa juu ya kamera. Shika kamera kifuani, tazama kiputo kikae katikati, bonyeza.

Ukishainyoosha kamera utagundua tatizo jingine: nusu ya chini ya picha imejaa sakafu. Usiinue kamera kuikwepa. Shuka. Chuchumaa, au itie sakafu kazini: mkeka, viatu mlangoni, vyungu, kivuli cha dirisha. Mimi naona hapa ndipo picha nyingi za lenzi pana zinapoharibika. Mpiga picha anafurahia upana, anasahau kujaza mbele. Tafuta kitu kimoja, kiweke kwenye umbali wa hatua moja, na kilichobaki kitajipanga nyuma yake.

Kwa watu, weka nyuso katikati. Gharama ya mistari iliyonyooka ni kwamba vitu vya pembezoni huvutwa, na kichwa cha mtu aliye kwenye kona ya fremu hurefuka kama yai. Si haki kumfanyia mtu hivyo. Ukipiga picha ya kundi, rudi nyuma na uache nafasi pembeni. Kwenye kona weka miti, kuta na anga.

Na usimpige mtu picha kwa kumwibia. Kwa lenzi hii uko umbali wa pima moja au chini ya hapo, yaani uko ndani ya mazungumzo yake. Salimia. Mwamkie mzee kwa shikamoo, jieleze, omba, na akikataa shukuru uende. Akikubali, zungumza naye huku kamera iko kifuani kwenye f/8. Hakuna cha kufokasi, kwa hiyo huna sababu ya kuyaondoa macho yako kwake.

Kona za picha zitakuwa na giza kidogo. Ndivyo lenzi ilivyo, na kufunga apacha hakuliondoi lote. Kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe mimi huliacha, linalivuta jicho katikati. Kama unachapisha mwenyewe, zipunguzie kona mwanga wakati wa kuchapisha.

Kwenye kamera ya dijitali kuna jambo la ziada. Kioo cha nyuma kiko karibu sana na sensa, mwanga unaifikia pembezoni kwa mshazari mkali, na kingo zinageuka zambarau. Una njia mbili. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Au piga picha moja ya karatasi nyeupe tupu kwa apacha ileile, kisha tumia programu kama CornerFix kusafishia picha za rangi. Fanya hivyo kwa kila apacha unayotumia, uhifadhi, na hutarudia kazi hiyo kila siku.

Usitembee juani lenzi ikiwa wazi inatazama juu. Kamera hizi nyingi zina pazia la kitambaa, hakuna kioo cha kulikinga, na jua likipita kwenye lenzi linaweza kulitoboa kwa moto. Weka mfuniko, au elekeza kamera chini. Ila ukiweka mfuniko, kumbuka kuutoa: vyufainda haitakuonyesha kwamba umesahau.

Filamu yako ya kwanza itumie hivi. Tia ISO 400, nenda mahali penye kivuli cha wazi, weka f/8, mita 1.7, 1/250. Usiguse pete yoyote mpaka filamu iishe. Sogea mbele, rudi nyuma, chuchumaa. Nusu ya kwanza tumia vyufainda, nusu ya pili piga kutoka kifuani. Ikishasafishwa, omba picha ndogondogo za fremu zote kwenye karatasi moja, kaa nazo na kalamu. Weka alama kwenye kila fremu ambayo ungependa kuwa karibu zaidi. Kama alama zimekuwa nyingi, filamu ya pili ianze kwa f/11 na mita 1.2.