Sikukuu Inayofuata Mwezi

Nilipotaka kuiona ngoma ya watawa wa Kibudha huko Hemis, katika milima ya Himalaya upande wa Ladakh, kaskazini ya Bara Hindi, nilikata tiketi kwa kufuata tarehe ya mwaka uliotangulia. Kufika, ua mtupu, ngoma imekwisha! Akiba ya miaka miwili ikapotea hivyo.

Kosa langu lilikuwa nini? Sikukuu ile ya kumkumbuka mwalimu wao Padmasambhava huangukia siku ya 10 ya mwezi wa 5 wa Kitibeti, na miezi hiyo hufuata mwandamo, kama Ramadhani. Lakini Watibeti huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka mitatu hivi. Basi sikukuu yao haizunguki mwaka wote kama Idi. Husogea mbele na nyuma, kati ya Juni na Julai.

Kwa hiyo ulizia kwanza tarehe ya mwaka unaokwenda, ndipo ukate tiketi. Tena uwahi siku tatu: Leh, mji ambako ndege hutua, uko juu kiasi cha mita 3,500, na hewa yake nyepesi huumiza kichwa.

Kila miaka 12 hutundikwa picha kubwa ya kitambaa. Ilitundikwa mwaka 2016; nami naweka akiba kwa ajili ya 2028.