SOMO LA WANACHAMA: ELIMU NA MAHITAJI YA LAZIMA, KIPI KITANGULIE?

Kila msimu unapomalizika na hesabu za chama cha msingi kukaguliwa, mkutano mkuu wa mwaka hukabiliwa na swali la matumizi ya ziada. Mara nyingi fungu la kwanza kupendekezwa lifutwe ni fungu la elimu. Hoja inayotolewa si ya kudharauliwa: mwanachama anahitaji mbolea, mtoto wake anahitaji dawa, ghala lina nafaka kidogo, nyumba inavuja, semina na vitabu vitamfaa nini? Upande wa pili husimama wale wasemao kuwa elimu ni mali, na kwamba chama kisichofundisha watu wake kinajichimbia kaburi.

Swali hili si la chama cha msingi peke yake. Ni swali la kila taifa lililokusudia kuwa dola ya ustawi, yaani dola inayojitwika wajibu wa kuona kwamba raia wake hafi kwa njaa, kwa maradhi wala kwa kukosa malazi. Madhumuni ya somo hili ni kulichunguza swali hilo kwa mifano ya kweli, ili katibu na wanachama walijadili kabla ya kupiga kura.

1. Mtoto mwenye njaa darasani

Uingereza ni moja ya nchi zilizolipitia jambo hili mapema. Sheria ya mwaka 1870 iliweka msingi wa shule za msingi za umma, na ilipofika mwaka 1880 watoto walilazimishwa kuhudhuria. Watoto walipokusanywa madarasani, likaonekana jambo ambalo awali lilifichika majumbani: wengi walikuja shule bila kula, na mwalimu alifundisha watu wasioweza kusikiliza. Mwaka 1906 ilipitishwa sheria iliyoziruhusu serikali za mitaa kuwalisha wanafunzi wenye shida.

Mfano huu unafundisha mambo mawili. La kwanza, akili haifanyi kazi tumbo likiwa tupu. Kwa hiyo aliyedai kuwa chakula hutangulia alikuwa na haki. La pili, ni shule iliyoifichua njaa ile na kuifanya iwe jambo la taifa zima. Kama watoto wangebaki majumbani, huenda njaa yao isingehesabiwa na mtu.

Mwaka 1942, wakati wa vita, William Beveridge alitoa taarifa yake mashuhuri kuhusu hifadhi ya jamii. Humo alitaja majitu matano yanayozuia njia ya maendeleo: uhitaji, maradhi, ujinga, uchafu wa makazi na ukosefu wa kazi. Hatua zilizofuata hazikungoja jitu moja life ndipo la pili lipigwe. Sheria ya elimu ilipitishwa mwaka 1944, ya posho za watoto mwaka 1945, na huduma ya afya ya taifa ikaanza mwaka 1948.

2. Wafumaji wa Rochdale

Wanaushirika wanao mfano wao wenyewe. Mwezi Desemba mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao kwa mtaji wa pauni 28. Walianza na bidhaa chache sana: siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa. Hawakuanza na maktaba, kwa kuwa walikuwa watu wa dhiki na hitaji lao la kwanza lilikuwa chakula safi kwa kipimo halali.

Hata hivyo, duka liliposimama hawakugawana ziada yote. Walifungua chumba cha kusomea magazeti na vitabu, na baadaye wakaweka kanuni ya kutenga asilimia mbili na nusu ya ziada kwa ajili ya elimu ya wanachama. Fungu hilo halikuwa kubwa. Nguvu yake ilikuwa kwamba lilikuwa fungu la kudumu, lisiloondolewa kila mara shida nyingine inapojitokeza. Elimu ya wanachama imo hadi leo katika misingi ya ushirika inayofuatwa duniani kote.

3. Maadui watatu kwa pamoja

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, maadui wa taifa walitajwa kuwa ni umaskini, ujinga na maradhi. Wenye hekima hawakusema adui yupi apigwe kwanza, kwa sababu watatu hao hulindana. Maskini hukosa karo na kubaki mjinga; mjinga hunywa maji machafu na kuugua; mgonjwa hawezi kulima, akarudi kuwa maskini.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilionyesha jinsi elimu inavyoweza kuwa yenyewe njia ya kutimiza mahitaji ya lazima. Kwa muda wa majuma 12, yapata watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Kisha wakatoka wakachimba vyoo, wakafukia madimbwi ya mbu na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Hakuna aliyegawiwa choo. Watu waligawiwa maarifa, na choo kikachimbwa kwa jembe lililokuwamo nyumbani tangu zamani.

Vilevile, kisomo cha watu wazima kilipunguza sana idadi ya wasiojua kusoma. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1986 walihesabiwa wapatao 10 tu. Lakini msomaji asiishie hapo. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano hakujua kusoma. Elimu nayo ni kama shamba: lisipopaliliwa, magugu hurudi.

Na palipokuwa na elimu bila vifaa, somo lilikuwa chungu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa liliamua kuwa ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri apate nafasi ya elimu ya msingi. Kufikia mwaka 1980 wanafunzi wa shule za msingi walizidi milioni 3. Ndipo uchumi ukadhoofika kwa bei ya mafuta na gharama za vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Vitabu, chaki na madawati yakawa haba, na wazazi wakatakiwa tena kuchangia. Ada ya shule za msingi ilikuja kufutwa mwaka 2001. Ni dhahiri basi kwamba elimu isiyo na mali ya kuitegemeza hudhoofika, hata nia ikiwa njema kiasi gani.

4. Mali bila daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Hapa ndipo ulipo uzito wa swali letu kwa wanaushirika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walilalamikia mizani ya wanunuzi. Pamba walikuwa nayo, na jasho walikwisha kulitoa. Walichokosa ni mtu wao wa kusoma mizani. Chini ya uongozi wa akina Paul Bomani walijipanga wakaweka wapimaji wao, na juhudi hizo zikazaa vyama vilivyoungana mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria.

Lakini chama chenyewe kikishakuwapo, mwanachama asiyejua hesabu zake hupunjwa hata na watu wa nyumbani. Kamati maalum ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilitaja, miongoni mwa kasoro kubwa, wanachama kutoelewa mambo ya chama chao na upungufu wa watumishi wenye ujuzi. Hayo yalisemwa ingawa Chuo cha Ushirika Moshi kilikwisha anzishwa mwaka 1963. Kumfundisha karani peke yake hakutoshi ikiwa mwenye mali hajui kumuuliza karani.

Siku hizi jambo hili limezidi kuwa la lazima. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, mazao hupita mikononi mwa chama, ghala na mnunuzi kabla fedha haijamfikia mkulima, na njiani huwapo makato. Mkulima asiyeweza kusoma stakabadhi yake hana njia ya kujua kama makato ni ya haki.

Tuchukue mfano wa kuhesabia tu. Chama kina wanachama 200, na kila mmoja analeta kilo 600 za zao linalouzwa sh. 2,500 kwa kilo. Mizani inapunja kilo 2 katika kila kilo 50. Kila mwanachama anapoteza kilo 24, yaani sh. 60,000, na wanachama wote kwa jumla wanapoteza sh. 12,000,000. Chama hichohicho kina ziada ya sh. 8,000,000, na mkutano unabishania asilimia 5 kwa ajili ya elimu, yaani sh. 400,000. Fungu hilo likifutwa na kugawanywa, kila mwanachama atapata sh. 2,000. Atakuwa amepokea elfu mbili mkononi na kuiacha elfu sitini kwenye mizani.

5. Uamuzi unaofaa

Kutokana na mifano hiyo, jibu laweza kutolewa bila kigugumizi. Hitaji la mwili hutangulia kwa wakati: mwenye njaa alishwe leo, mgonjwa atibiwe leo, wala asiambiwe angoje semina. Lakini elimu ndiyo inayolinda kile kilichokwisha patikana, na kumwezesha mtu kujitafutia bila kungoja kupewa. Chakula bila elimu huombwa tena kesho. Elimu bila chakula haiingii.

Kwa hiyo chama kinashauriwa kufuata utaratibu huu:

(a) Fungu la elimu litajwe katika makisio ya kila mwaka, hata kama ni dogo, kwa kufuata sheria na masharti ya chama. Mwaka wa njaa lipunguzwe, lisifutwe.

(b) Elimu ianzie kwenye hitaji. Somo la kwanza liwe kusoma mizani, stakabadhi na orodha ya malipo; ndipo zifuate mizania na sheria.

(c) Katibu asome taarifa ya mapato na matumizi mbele ya wanachama kwa lugha nyepesi, na kuibandika ubaoni siku kadhaa kabla ya mkutano. Elimu ya namna hii haina gharama zaidi ya karatasi.

(d) Wanachama wasiojua kusoma wasaidiwe na vijana wa palepale kijijini, na wanawake wapewe nafasi sawa, kwa kuwa mara nyingi wao ndio waliovuna zao linalopimwa.

Maswali ya majadiliano

1. Katika misimu mitatu iliyopita, chama chenu kilitenga kiasi gani kwa elimu, na kilitumika kwa jambo gani hasa?

2. Ni wanachama wangapi wanaoweza kueleza kila kato lililomo katika malipo yao ya mwisho?

3. Ni hitaji gani la lazima kijijini ambalo lingepungua kama watu wangefundishwa jambo moja tu? Litajeni jambo hilo.

4. Mwaka wa ukame ukitokea, ni mafunzo gani yanaweza kuendelea bila kutumia fedha?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, ili mkutano wa mwaka ujao uweze kuyasoma na kupima yaliyotekelezwa.