Kampuni ya kubeti inapangaje odi, na wewe unapangaje bei?

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tupige hesabu. Huku kwetu Lushoto wapo wanaopokea hela za oda asubuhi, jioni hela hiyohiyo ya mzigo iko kwenye mkeka. Kabla hujaiweka, ijue biashara ya anayekuuzia huo mkeka.

Odi ni bei kama bei nyingine. Kampuni inakadiria kwanza kila matokeo yana nafasi kiasi gani: timu ikoje siku hizi, nani majeruhi, nani yuko nyumbani. Kisha inapunguza malipo kidogo ili ibaki na chake.

Mfano, Simba 2.50, sare 3.00, Yanga 2.70. Gawa 100 kwa kila odi. Unapata 40, 33 na 37, jumla 110. Lakini nafasi halisi za mechi moja haziwezi kuzidi 100. Hiyo 10 ya juu ndiyo fungu la kampuni. Kwa wastani, kwenye kila dau la 1,000 inarudi kama 910 tu. Ukipanga mechi 5 za hivyo kwenye mkeka mmoja, makato yanazidishana na wastani unashuka hadi kama 620.

Odi pia inatembea. Watu wengi wakiweka hela kwa Yanga, odi ya Yanga inashushwa na ya Simba inapandishwa, ili dau zisielemee upande mmoja. Hapo kampuni haina haja ya ushabiki. Mwaka 2017 SportPesa ilizidhamini Simba na Yanga zote mbili!

Sasa somo letu. Kampuni inahesabu hasara KABLA ya kutaja bei. Sisi wengi tunataja bei kwanza, hasara tunakutana nayo mbele.

Tuseme unatuma Dar ndoo 20 za peasi. Umenunua kila ndoo 10,000, usafiri 2,000. Jumla 240,000. Ukiuza 13,000 unaona faida ya 1,000 kila ndoo. Lakini kona za Soni hadi Mombo unazijua. Ndoo 2 zikipondeka, unauza 18 na kupata 234,000. Umekula hasara ya 6,000 huku wateja wanakusifia bei nzuri.

Fanya hivi:

1. Andika kila safari ni ndoo ngapi zimeharibika.
2. Gawa gharama yote kwa ndoo zinazofika nzima. Hapa ni 240,000 kwa 18, sawa na kama 13,350.
3. Ongeza faida yako juu ya hapo, ndipo uposti bei.
4. Hela ya mzigo iwe na laini yake, mbali na hela ya matumizi.

Mkeka ukichanika, mkulima bado anadai hela yake na mteja anasubiri peasi zake. Mtaji ni wa mzigo, jamani.